Mhuni, Nguvu Kazi, Machinga

Wapo wanaoapa kwamba neno machinga limetokana na Kiingereza, "marching guy", eti kijana anayepiga kwata mitaani na bidhaa begani. Ni hadithi tamu, ila watu wa Kusini hawaihitaji. Wamachinga ni kabila, wana lugha yao, na kwao ni Lindi. Hata Malawi, katika nchi ya Wayao, iko wilaya yenye jina hilohilo. La kujiuliza ni namna jina la kabila dogo lilivyomfunika Mmakonde na Mmwera, kisha Mgogo na Msukuma, mradi tu mtu awe amening'iniza mikanda mkononi na anaitembeza.

Maana mtu huyo alikuwapo mjini zamani, kwa majina mengine. Enzi za Waingereza aliitwa mhuni. Wazaramo wa vijiji vya jirani walioingia Dar es Salaam na mkaa, nazi na mboga walivumiliwa, kwa kuwa mji sharti ule. Kijana wa mbali asiye na mwajiri hakuvumiliwa. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Waliondolewa, wakarudi.

Uhuru ulibadilisha lugha kuliko ulivyobadilisha hofu. Bendera ya CCM, chama kilichozaliwa 1977, ina jembe na nyundo; sinia la karanga halimo. Asiyelima wala kufanya kazi kiwandani alionekana mnyonyaji, na kama si mnyonyaji basi mzururaji. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa akapelekwa shambani. Wengi walirejea mjini kabla msako haujapoa.

Shambani kwenyewe kulikuwa na nini? Hapo ndipo Kusini inapoingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka Mtwara na Lindi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ikawa haba, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga. Mti uliokuwa ukisomesha watoto ukageuka kuni. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika masika, na mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Vijana walisafiri hivyohivyo. Anayewalaumu kwa kukimbia jembe angewauliza kwanza jembe lilikuwa likiwalipa nini.

Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985, milango ya biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, naye akaisukuma zaidi hadi akaitwa Mzee Ruksa. Mitumba ikamiminika. Na tazama maajabu ya serikali: jina la nguvu kazi, lililotumika kumkamata mchuuzi, likawa jina la leseni ndogo aliyokatiwa ili achuuze kwa amani.

Bidhaa alizipata wapi kijana aliyeshuka kwenye basi na nauli imemwishia? Jibu ni mali kauli, na kwa maoni yangu ndiyo benki kongwe ya Kariakoo. Mtu wa kwao aliyetangulia humpeleka kwa mwenye fremu na kumdhamini kwa mdomo. Hupewa dazeni ya mashati kwa bei iliyotajwa. Akiuza zaidi, cha juu ni chake. Jioni hurudisha hesabu na mashati yaliyobaki. Hakuna karatasi. Akitoroka, aliyemdhamini hulipa, na habari hufika kijijini kabla yake. Ndiyo maana watu wa eneo moja walijikuta wakiuza kitu kimoja mtaa mmoja, na ndiyo maana mji ukawaita wote kwa jina la wachache.

Wenye fremu nao hawakuwa wafadhili tu. Tangu mashine za risiti za kielektroniki zilipoanza kutumika mwaka 2010, kumekuwa na malalamiko ya wazi kwamba baadhi yao huwapa machinga mzigo wauze mlangoni mwa duka, mahali ambapo hakuna anayedai risiti.

Wanawake walipewa jina lao. Mama ntilie, yaani nitilie chakula mama, lilizaliwa na wateja wenyewe kwenye mabenchi. Ofisi zikaona halina heshima, zikapendelea mamalishe. Wali ni uleule.

Mwaka 2010 likakamilika jengo la Machinga Complex, Ilala, la maelfu ya vizimba. Wengi hawakukaa: mnunuzi wa soksi hapandi ghorofa kutafuta soksi, hukutana nazo akienda kituoni. Desemba 2018 Rais John Magufuli akagawa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, na kwenye kadi jina likawa mjasiriamali. Vibanda vikajaa hadi katikati ya barabara. Mwishoni mwa 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, machinga wakaambiwa watapangwa upya. Mabati yakashuka, wapita njia wakaiona tena njia yao. Januari 2022 wakawekwa chini ya wizara mpya yenye maneno Makundi Maalum mwishoni mwa jina lake.

Siku hizi Kariakoo, ofisi zikishafungwa na mgambo wakipungua, turubai hutandikwa tena ukingoni mwa lami na viatu hupangwa jozi kwa jozi. Mwenyewe ukimuuliza anaitwa nani hapa mjini, atakutajia kijiji chake, kisha akuulize unavaa namba ngapi.