Umri wa Dunia na Joto Lake

Kila kitu kipoacho huonyesha, kwa joto lililobakia ndani yake, muda uliopita tangu kilipotoka motoni. Kwa hoja hiyo William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alijaribu mwaka 1862 kuupima umri wa dunia. Wachimba migodi walijua kuwa joto huzidi kadiri mtu ashukavyo ardhini. Thomson alikadiria ongezeko hilo kuwa digrii moja ya Fahrenheit kwa kila futi 50. Akadhani kuwa dunia ilianza kama mwamba ulioyeyuka, wenye digrii 7,000. Kisha akatumia hisabati ya Joseph Fourier wa Ufaransa. Jawabu lilikuwa miaka milioni 98, na kwa maoni yake haikuweza kuzidi milioni 400.

Jawabu hilo lilimtia mashaka Charles Darwin, kwa kuwa mageuzi ya viumbe yalihitaji muda mrefu zaidi. Lakini nani angebishana na hesabu isiyo na kosa?

Mwaka 1895 alibisha John Perry, aliyepata kuwa msaidizi wa Thomson. Hakuigusa hesabu, aligusa msingi wake. Thomson alidhani kuwa joto hupita kwa kadiri moja katika dunia nzima, kana kwamba ni jiwe moja lililotulia. Perry alisema kuwa ikiwa vilindini joto husafiri kwa wepesi zaidi, basi lile la chini hupanda daima na kulipasha gamba la juu, na dunia kongwe huonekana changa. Umri ungeweza kufika miaka bilioni mbili au tatu. Thomson hakushawishika, mwaka 1897 aliupunguza ukawa kati ya milioni 20 na 40.

Mwaka 1903 Pierre Curie na Albert Laborde walionyesha kuwa radiamu hutoa joto yenyewe. Wengi hudhani kuwa hilo ndilo lililomwangusha Thomson. Lakini joto hilo, likiongezwa katika hesabu yake, huibadili kidogo tu. Mwaka 1952 Roger Revelle na Arthur Maxwell walitangaza vipimo vya sakafu ya Bahari ya Pasifiki: joto litokalo huko lilikaribia kulingana na la mabara, ingawa miamba yake ina madini machache ya namna hiyo. Leo twajua kuwa miamba ya vilindini, japokuwa migumu, hujongea polepole na kupandisha joto, na kwamba dunia ina miaka bilioni 4.5.

Hesabu ni mtumishi mwaminifu: hulichukua kosa la bwana wake mpaka mwisho wa safari, wala halipunguzi njiani.