Chai ya Mwitu ya Assam

Wengi wetu tumeuona mti wa chai mashambani tu, umekatwa hata haupiti kiuno cha mtu, nasi hudhani kuwa ndicho kimo chake. Sivyo. Ukiachwa hukua ukawa mti kamili, na katika misitu ya kwao huweza kupita futi 40. Kwao ni nchi za milima na mabonde zilizoshikana pande za Yunnan katika China, kaskazini ya Burma, iitwayo sasa Myanmar, na Assam iliyo mashariki ya Bara Hindi. Huko husimama chini ya kivuli cha miti mirefu zaidi, penye mvua nyingi na udongo mchachu usiotuamisha maji. (Mchaichai wa bustani zetu ni jamii ya nyasi; umeazima jina tu.) Twapenda kueleza habari za Assam, maana huko ndiko neno "mwitu" lilikoleta matata.

Mwaka 1823 Mskoti mmoja mfanya biashara, Robert Bruce, alielekezwa na Maniram Dewan, mwenyeji wa Assam, kwa Bisa Gam, jumbe wa Wasingpho, naye akaonyeshwa miti hiyo. Vitabu vingi husema kwamba Bruce aliivumbua chai ya Assam. Twaona neno hilo halimfai, kwa kuwa mtu havumbui kitu alichoonyeshwa na mwenyewe. Wasingpho walikuwa wakiyakaanga majani yake na kuyaanika juani, kisha wakiyashindilia katika mianzi na kuyakausha juu ya moto. Wapalaung wa Burma huyavundika, wakayala.

Robert Bruce akafa, na nduguye Charles akaishika kazi. Majani yalipofika Calcutta, Nathaniel Wallich, bingwa wa mimea, hakukubali kuwa ni chai. Alisema ni mti mwingine wa ukoo wake. Lakini mwaka 1833 Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilipoondolewa haki ya kufanya biashara ya China peke yake, shauri liligeuka upesi. Desemba 1834 kamati iliyowekwa na Lord William Bentinck ikatangaza kwamba mti ule ni chai hasa, nao ni wa asili ya nchi ile.

Je, ulikuwa mwitu kweli? Mbegu ya chai ni nzito, haichukuliwi na upepo, na ikikauka uhai wake hupotea upesi; huanguka chini ya mama yake, na huko ndiko huota. Basi vichaka vya chai vilivyotengana mbalimbali vyatutia shaka ya mikono ya watu. Charles Bruce mwenyewe alisimulia habari za mahali ambapo wenyeji walikata michai, wakachoma moto, wakapanda mpunga. Baada ya mavuno mashina yakachipuka tena. Mgeni apitaye hapo miaka michache baadaye ataona msitu, kumbe ni konde la mtu lililolazwa.

Wachunguzi wa siku hizi wameonyesha kwamba chai ya Assam si mtoto wa chai ya China yenye majani madogo. Kila moja ilianza kulimwa mbali na mwenzake. Hata hivyo, kuupata mti ulio mwitu kabisa ni kazi ngumu, maana Kampuni ilileta Assam mbegu kutoka China, na ua la chai halizai vema kwa chavua ya mti wake wenyewe, bali hutaka ya jirani. Hivyo damu zikachanganyika.

Mwaka 1839 iliundwa kampuni ya mashamba ya Assam. Maniram aliitumikia kwanza, kisha akaiacha akapanda mashamba yake mwenyewe; mwaka 1858 akanyongwa na Waingereza kwa kushiriki katika maasi ya mwaka uliotangulia. Jamii ile ya majani makubwa ndiyo iliyo nyingi leo katika mashamba ya Kenya. Nao Wasingpho wangali wakishindilia chai yao katika mianzi, nao huiita *phalap*.