Nani Aliupa Mti Jina Lake?

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo ya kuwa Mungu alimletea Adamu wanyama na ndege, naye akampa kila mmoja jina lake. Habari ya majina ya miti na majani haisemwi pale. Kazi hiyo waliachiwa wana wa Adamu, nao wanaifanya hata leo. Katika nchi yetu ya Kivu kazi hiyo ina nyumba yake. Nyumba hiyo ni Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na milima ya Kahuzi na Biega.

Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1947, liliundwa shirika la utafiti lililoitwa IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake makuu. Leo kituo hicho ni cha nchi yetu, nacho chaitwa CRSN. Kati ya vitu vinavyotunzwa humo ni mimea iliyokaushwa. Kila tawi limebandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni pana kibandiko kinachosema lilichumwa wapi, siku gani, na mkono wa nani.

Basi, mara kwa mara husikika habari ya kuwa mtaalamu fulani amevumbua mmea mpya. Wazee wetu husikia wakacheka. Huuliza: “Mpya kwa nani? Mbuzi wetu wanaula kila siku!” Swali lao ni la haki, nalo lastahili jibu.

Mimi ni katekista, na jibu nililipata katika kitabu cha ubatizo. Mtoto aletwapo kanisani, yu hai tayari, na mama yake anamwita jina tangu siku ya kwanza. Kitabu hakimwumbi mtoto huyo. Lakini ndani yake twaandika jina, siku, wazazi na msimamizi. Miaka thelathini baadaye, akitaka kufunga ndoa mbali na kwao, padre asiyemjua atauliza kitabu, na kitabu kitamshuhudia. Ndivyo ilivyo kwa mmea. Mvumbuzi si yule aliyeuona kwanza. Ni yule aliyeuandika kwa ushahidi, hata mtu wa nchi ya mbali aweze kuutambua bila kosa.

Kazi yenyewe yataka saburi. Mtu huchuma tawi lenye majani, na maua au matunda pia, kwa maana majani peke yake hudanganya. Hulikandamiza kati ya karatasi mpaka likauke. Kisha hulilinganisha na matawi yaliyowekwa tangu zamani, hapa kwetu na katika nyumba kubwa kama ile ya Meise huko Ubelgiji. Asipoona la kufanana nalo, huandika maelezo yake, huchagua jina, na kuyatangaza yote katika gazeti la wataalamu. Tawi moja huwekwa liwe shahidi wa jina hilo siku zote.

Kila jina lina sehemu mbili, kama alivyofundisha Linnaeus, Mswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Sehemu ya kwanza ni kama jina la ukoo, ya pili ni ya mmea wenyewe. Yeye ndiye aliyeiita kahawa Coffea arabica, yaani kahawa ya Uarabuni, ingawa misitu yake ya asili iko hasa Ethiopia. Mwaona basi kwamba jina laweza kuandikwa vizuri na kusema vibaya.

Tena tunao mfano wa kwetu. Katika misitu ya Kivu kuna kahawa ya porini yenye buni ndogo. Wakati wa ukoloni, mtaalamu wa Ubelgiji, Jean Lebrun, aliiandika kwa jina Coffea kivuensis, maana yake kahawa ya Kivu. Jina zuri! Lakini halikudumu. Ilionekana ya kuwa Spencer Moore wa London alikwisha kuiandika mwaka 1907, akaiita Coffea eugenioides. Na sheria ya wataalamu ni moja: jina lililotangazwa kwanza kwa utaratibu ndilo linalosimama.

Na jina hilo lina maana gani? Lasema kwamba kahawa hii yafanana na miti iitwayo Eugenia. Nayo Eugenia iliitwa hivyo kwa heshima ya Eugene wa Savoy, jemadari wa majeshi ya Austria, aliyekufa mwaka 1736. Kwa hiyo kahawa ya msitu wetu yabeba ukumbusho wa askari ambaye hakuiona kamwe. Wala si mmea mdogo wa kudharauliwa. Wataalamu wa urithi wa viumbe wameonyesha ya kuwa arabica, kahawa tunayoilima na kuiuza, ilizaliwa na wazazi wawili: mmoja ni robusta, na wa pili ni hii kahawa ya porini.

Je, tukasirike? Naona sheria yenyewe haikukosa. Kila nchi ikiuandika mmea mmoja kwa jina lake, mganga wa huku na mganga wa kule hawatajua kama wasema dawa ile ile. Mtoto habatizwi mara mbili. Lakini tuone vema: sheria hiyo hulitazama jina lililoandikwa tu. Majina ya wazee wetu hayakushindwa shauri. Hayakufika barazani.

Tena sheria ya watu yaweza kutengenezwa. Mwezi wa Julai 2024 wataalamu wa mimea walikutana Madrid, wakakubali kuondoa tusi lililokuwa katika majina ya mimea zaidi ya 200. Neno caffra, lenye asili moja na tusi walilotukanwa watu weusi wa Afrika ya Kusini, likageuzwa kuwa affra, yaani ya Afrika.

Hata zamani walikuwapo watu walioyaheshimu majina ya wenyeji. Mmoja alikuwa padre, Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19. Alichuma mimea akaipeleka Paris, na mingine imepewa jina lake. Lakini katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyopigwa chapa miaka ya 1939 hadi 1941, aliandika majina ya mimea kama watu wa pwani walivyoyatamka, na jina la kitaalamu karibu yake. Kwake majina hayo mawili hayakugombana.

Nami nina deni langu. Nyanya yangu alikuwa na majani aliyotupa tulipoumwa tumbo. Siku moja nilimwomba tawi, nikampelekea mtu mwenye ujuzi wa mimea. Akaniambia kwa upole: “Halina ua. Rudi nalo likichanua.” Nilikawia, kazi zikanishika. Niliporudi, nyanya alikuwa amekwisha kufariki, na kichaka chake kilikuwa kimefyekwa ili maharagwe yapandwe. Sasa ninalo jina katika daftari, kwa lugha yetu ya Mashi, na mmea wenyewe siujui tena. Huenda mmea huo umo katika sanduku fulani, umeandikwa vizuri kwa Kilatini, na hakuna ajuaye kwamba ulituponya.

Hasara hii si ya nyumba yangu tu. Ndugu zetu Batwa, walioujua msitu wa Kahuzi kuliko sisi sote, walitolewa humo baada ya hifadhi ya taifa kuanzishwa mwaka 1970. Na tangu mwaka 1997 hifadhi hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Basi, ndugu wasomaji, akija kwenu mtu mwenye karatasi za kukaushia mimea, msimcheke. Mwonyesheni mti, mtajieni jina lake na kazi yake, kisha simameni karibu mpaka ameliandika jina hilo kwenye kibandiko. Na asipokuja mtu, chukueni daftari mwende kwa mzee wa jirani. Lakini ngojeni ua.