Mtungi wa Udongo Unavyopoza Maji ya Kunywa Kitangari

Maji yaliyochemshwa yakihifadhiwa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko hupoa hadi kulingana na joto la hewa, na huishia hapo. Yakihifadhiwa katika mtungi wa udongo, hushuka chini ya joto hilo.

Tofauti hiyo hutokana na vinyweleo, yaani matundu madogo mno yanayobaki katika udongo uliochomwa. Maji hupenya humo taratibu, hulowesha ukuta wa nje, kisha hugeuka mvuke. Kila kilo moja ya maji huhitaji takribani kilojuli 2,400 za joto ili kugeuka mvuke, na sehemu ya joto hilo hutoka katika maji yaliyobaki ndani. Kwa hesabu ya darasani, robo lita ikivukizwa kutoka katika mtungi wa lita 20 hutosha kushusha joto kwa nyuzi 7 hivi. Nyumbani hupungua, kwa kuwa hewa nayo huurudishia mtungi joto.

Viwandani, vinyweleo hufanya kazi kwa njia nyingine. Baadhi ya mabomba ya mitambo ya kupoza hupakwa tabaka la metali lenye vinyweleo; mapovu ya mchemko huanzia humo kwa urahisi, na kimiminika huondoa joto jingi zaidi.

Hata hivyo, robo lita si kitu cha kupuuzwa katika Uwanda wa Makonde, ambako mchanga hunywa mvua na maji ya bomba husukumwa kwa mitambo kutoka bondeni, vikiwemo visima vya Mitema. Wanawake wa Newala, ambao Mjerumani Karl Weule aliwakuta mwaka 1906 wakifinyanga vyungu bila gurudumu, walifuata maji mbali.

Kwa sababu hiyo, inafaa mtungi ulingane na maji yanayonywewa kwa siku, uwekwe kivulini penye upepo. Kiangazi hupoza vizuri. Wakati wa mvua hewa hujaa unyevu na mtungi hufanya kazi kidogo. Rangi ya mafuta huziba vinyweleo.

Mtungi hausafishi maji. Maji huchemshwa kwanza, mtungi hufunikwa, na huchotwa kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe cha kunywea. Ukuta ukianza kuota ukijani au utelezi, husuguliwa kwa brashi, ukasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kuanikwa juani hadi ukauke.