Ituri Ilikuwa na Watu Kabla ya Roma

Mwezi Februari 2025 wanaakiolojia wa London walitangaza kwamba chini ya jengo la ofisi katika barabara ya Gracechurch, mahali palipojaa mabenki, wamekuta misingi ya basilika ya kwanza ya mji huo. Warumi waliijenga karibu na mwaka 80 baada ya Kristo. Jengo la juu yake lilikuwa libomolewe ili mnara mpya usimamishwe. Mjini Roma kwenyewe, mafundi wa reli ya chini ya ardhi walipofika Amba Aradam walikuta kambi ya askari yenye vyumba 39, na mwaka 2016 dunia nzima ikaonyeshwa picha zake. Habari za namna hii husambaa upesi. Msomaji wa Bunia, hapa Ituri, Kongo, anazipata kwenye simu, anashangaa, kisha anaendelea na shughuli zake akiamini kwamba ardhi yenye historia ni ile ya Ulaya, na ya kwetu ina dhahabu tu.

Warumi hawakufika Bunia. Heri hilo lisemwe mapema, maana hawakosekani watu wanaodhani mahali hapapati heshima mpaka patafutiwe undugu na mji mkubwa wa mbali. Waliotukaribia kuliko wengine ni maakida waliotumwa na Kaisari Nero, miaka ya 60 hivi baada ya Kristo, kupanda mto Nile hadi chanzo chake. Mwanafalsafa Seneca aliandika aliyosimuliwa na wawili kati yao: walikwama kwenye mabwawa yasiyo na mwisho, majani yamesongamana na maji hata mtumbwi mdogo wa mtu mmoja ukawa unapita kwa taabu. Wataalamu wengi wanaona kuwa hayo ni mabwawa ya Sudd, katika Sudan Kusini ya leo. Sehemu ya maji yaliyowazuia ilikuwa imetoka Ziwa Albert, ziwa lile lile linaloilisha Bunia samaki wa Kasenyi na Tchomia.

Miaka kama mia moja baadaye Ptolemy wa Alexandria aliandika kwamba Nile hutoka kwenye maziwa yanayojazwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Ilibidi kungojea hadi tarehe 24 Mei 1888, msafiri Stanley alipokuwa upande wa Ziwa Albert baada ya kuteseka katika msitu wa Ituri, ndipo Mzungu akaiona theluji ya Ruwenzori na kusema ndiyo ile. Elimu ya Roma kuhusu sehemu zetu ilikomea hapo, kwenye uvumi wa theluji. Wenyeji walikuwa wakiitazama kila mawingu yalipofunguka.

Tukija kwenye umri, Roma ni mtoto. Warumi wenyewe walihesabu kwamba mji wao ulianzishwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Sasa chukua barabara ya Bunia kwenda Komanda, geuka kusini kuelekea Beni, mpaka Mlima Hoyo katika teritwari ya Irumu. Mlima huo ni wa mawe ya chokaa, na maji yameutoboa mapango mengi. Katika mojawapo, pango la Matupi, Francis Van Noten, mwanaakiolojia Mbelgiji, alichimba mwaka 1974. Tabaka za juu zilikuwa na vipande vya vyungu na mambo ya zama za chuma. Kadiri walivyoshuka, vyungu vilikwisha yakabaki mawe na mifupa. Vipimo vya kaboni 14 vya tabaka za chini vilipita miaka 40,000.

Mawe yenyewe hayavutii macho ya mtu asiyeyajua. Mengi ni kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu wanalijua kwa sababu dhahabu hupenda kukaa ndani yake. Vipande vingine ni vya sentimita moja au mbili tu. Mtu wa zama zile hakukishika kipande kama hicho mkononi peke yake. Alikipachika kwenye mti au mfupa, kwa gundi au kamba, akapata kisu, mkuki au mshale. Makali yakifa, aliking'oa akatia kingine. Jiwe lililopigwa na mtu huacha sehemu ndogo bapa pale nyundo ilipogonga, na mara nyingi uvimbe mdogo chini yake. Kwatzi ni kaidi, haionyeshi alama hizo waziwazi, na ndiyo maana inahitaji jicho lililofundishwa. Kijana wa shule anaweza kufundishwa jicho hilo. Kinachohitajika ni mwalimu, mawe machache na uvumilivu.

Kilichowashtua wasomi ni umri wa vijiwe hivyo. Wakati huo vitabu vilifundisha kwamba ufundi wa vijiwe vidogo vya kupachika ulianza katika miaka elfu chache ya mwisho ya zama za mawe. Matupi ikaonyesha kuwa watu wa Ituri walikuwa nao zamani mno. Kulikuwa pia na kipande cha jiwe lililotobolewa katikati, lenye mistari iliyochorwa, cha miaka kama 20,000. Mawe ya kutobolewa namna hiyo huelezwa kuwa yalivalishwa kwenye mti wa kuchimbia ili kuuongezea uzito. Aliyelichora hakuwa na sababu ya kazi ya kufanya hivyo. Mistari haiongezi uzito. Alilipamba kwa kuwa alipenda lipendeze, au kwa kuwa mistari ile ilisema jambo kwa wenzake.

Mifupa ya wanyama ndani ya pango ilisimulia lingine tena. Leo Hoyo iko kwenye msitu. Mifupa ya tabaka za kale ni ya wanyama wa nyika. Dunia ilipokuwa na baridi na ukame, msitu ulirudi nyuma, na waliolala Matupi waliamka wakitazama majani na miti ya hapa na pale.

Je, msitu wenyewe ulikuwa na watu? Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wanaanthropolojia walitia shaka. Walisema msitu mnene una chakula kichache mno cha wanga, hivyo wawindaji kama Wambuti wasingeweza kuishi humo kabla ya wakulima kuja na migomba na mazao mengine ya kubadilishana nao kwa nyama. Hoja hiyo haikuwa ya kitaaluma tu. Ukimwambia Mmbuti kwamba babu zake waliingia msituni nyuma ya mkulima, umemwondolea haki ya kuitwa mwenyeji wa kwanza.

Jibu lilitoka ardhini. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Julio Mercader alichimba kwenye vivuli vya miamba ndani ya msitu wa Ituri, kisha akatazama udongo kwa darubini. Mimea mingi hujenga ndani ya majani na shina zake chembe ndogo za silika ziitwazo fitolithi. Jani huoza, chembe hubaki, na umbo lake huonyesha lilikuwa jani la aina gani. Chembe za miti ya msitu zilikutwa kwenye tabaka zilezile zenye zana za mawe za miaka zaidi ya 10,000, kabla mkulima yeyote hajafika. Watu waliishi msituni, na msitu ulikuwapo. Hapo Matangai Turu, moja ya sehemu hizo, yalipatikana pia mabaki ya mtu wa miaka kama 800 iliyopita, jambo la nadra, kwa kuwa udongo wa msitu una asidi na hula mifupa.

Ukitoka Ziwa Albert ukafuata mto Semliki kupanda hadi unapotoka Ziwa Edward, umevuka kuingia Kivu Kaskazini, na hapo ni Ishango. Mtafiti Jean de Heinzelin alichimba hapo mwaka 1950 akatoa mfupa wa rangi ya kahawia, urefu wake kama sentimita 10, wenye kipande cha kwatzi kilichopachikwa ncha moja. Umechanjwa chale katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, nyingine 11, 21, 19 na 9: kila moja jumla yake ni 60. Ya tatu jumla yake ni 48. Wapo wanaosema ni hesabu, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, na wapo wanaosema ni chale za kushikia mfupa usiteleze. Mimi siamini la mwisho. Mshikio hauhitaji makundi. Mfupa huo una miaka kama 20,000 na uko Brussels. Hapo jirani, Katanda, zilipatikana chusa za mifupa za kuvulia samaki ambazo wachimbuaji wake walizipa miaka 90,000, umri ambao baadhi ya wenzao bado wanaubishia.

Basi kwa nini London inatangaza na Bunia iko kimya? Sehemu ya sababu ni udongo. Tope la kijito cha Walbrook, London, halikuingiza hewa, kwa hiyo mbao hazikuoza. Kati ya vibao zaidi ya 400 vya mbao vilivyotoka humo kuna hati ya deni ya tarehe 8 Januari mwaka 57, mtumwa aliyeachwa huru akikiri kudaiwa dinari 105 na mwenzake. Deni la mtu limesomwa baada ya miaka 1,900 na zaidi. Kwetu, kilichokuwa cha mti, ngozi au magome kimekwisha, na jiwe ndilo limebaki shahidi.

Vita navyo vimefanya kazi yake. Tangu 1999 Ituri imepata amani ya vipande vipande, na mtu mwenye akili hawezi kumtuma mwanafunzi na brashi kwenye mapango ambayo wenye bunduki wameyapitia.

Ila sababu iliyo mikononi mwetu ni nyingine. Vitu vya London vinaonekana kwa kuwa tangu 1990 utaratibu wa vibali vya ujenzi kule unamtaka mwenye mradi agharimie uchunguzi kabla ya kuharibu. Kongo hatukosi sheria. Ipo ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali ya utamaduni, na kanuni ya madini ya 2002 inamkataza mwenye kibali kuvihamisha vitu vya kale anapovikuta, na inamtaka atoe taarifa kwa maandishi. Wakati huohuo, Ituri inachimbwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na tangu hapo hadi leo, Mongbwalu na kwingineko, wachimbaji wa mkono wanaondoa udongo wa juu kufikia changarawe, na ni ndani ya changarawe za kale ambamo mito hukusanya zana za mawe. Angola walilijua hilo: kampuni ya almasi ya Diamang ilifungua jumba la makumbusho Dundo katika miaka ya 1930, na mashimo yake ya migodi yakawapa wanaakiolojia, Desmond Clark mmoja wao, vitu ambavyo wasingeweza kuvifikia kwa majembe yao wenyewe. Kampuni ile haikuwa na huruma kwa vibarua wake, na sitaisifu kwa hilo, lakini mawe iliyatunza.

Bunia, mji mkuu wa jimbo tangu 2015, ina vyuo vikuu na ina taasisi ya ualimu inayotoa walimu wa historia kila mwaka. Vyuo hivyo vinaweza kuanza na kabati moja lenye kufuli na daftari la kuandikia kila kitu kimetoka wapi. Nawe mchimbaji, au fundi unayechimba msingi wa nyumba au kisima: ukikuta jiwe lenye makali yasiyo ya kawaida, shoka lililosuguliwa, kigae chenye mapambo au mfupa ndani ya udongo usiowahi kuguswa, usilioshe na usiliuze. Piga picha likiwa palepale lilipolala, weka kitu kando kuonyesha ukubwa, andika kina na jina la mahali, kisha mpelekee mwalimu wa historia aliye karibu nawe. Jiwe likishatolewa shimoni bila maandishi hayo, hakuna mtaalamu, wa Kinshasa wala wa Brussels, atakayeweza kusema umri wake.