Februari 1968, Kabla Mlango Haujafungwa

Mwaka jana wakaazi wa sehemu yetu ya Mountain View walikutana kuamua kuhusu kijia kinachotoka Kangemi. Ni kijia tu, mkokoteni hupita kwa shida, lakini asubuhi hupitwa na mama fua, mafundi, walinzi na watoto wa shule. Hoja ilikuwa kiwekewe geti lenye kufuli. Mama yangu aliinua mkono kuunga. Mama huyuhuyu aliyetoka Vihiga mwaka 1991, akaishi Kangemi miaka 11 kwa chumba cha mabati, kisha akavuka kijia hichohicho na virago vyake.

Usiku huo nililala nikimfikiria Suella Braverman. Najua ni ajabu.

Braverman alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza kupitia chama cha Conservative. Oktoba 2023, kwenye kongamano la chama pale Manchester, alisema upepo uliowabeba wazazi wake ulikuwa kidogo tu ukilinganishwa na kimbunga cha wahamiaji kinachokuja. Babake ni Mgoa aliyetoka Kenya Februari 1968. Mkubwa wake wakati huo alikuwa Rishi Sunak: baba mzaliwa wa Kenya, mama wa Tanganyika. Priti Patel, aliyetia saini mkataba wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda mnamo Aprili 2022, wazazi wake walitoka Uganda. Yaani watoto wa waliohama Afrika Mashariki walitaka wahamiaji waletwe Afrika Mashariki! Ni kama matatu ya jioni pale Westlands: aliyeingia mwisho, mguu mmoja bado mlangoni, ndiye humwambia makanga gari imejaa.

Kucheka ni rahisi, lakini hadithi hii ilianzia hapa kwetu, na sisi tumo.

Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Muthaiga na Lavington, Wahindi Ngara na Pangani, Waafrika Pumwani na Kaloleni. Mishahara nayo ilifuata rangi. Wagoa wengi walikuwa makarani wa serikali na wa benki, katikati ya ngazi: juu haruhusiwi, na chini anaogopa kushuka. Mtu wa hapo hutegemea shule ya watoto, akiba na karatasi zake. (Si wote. Pio Gama Pinto, Mgoa pia, aliwekwa kizuizini na wakoloni kwa kupigania uhuru, kisha akapigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, Kenya ikiwa huru tayari.)

Baada ya uhuru watu hawa walipewa miaka 2 kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasi za Uingereza. Kisha mwaka 1967 Bunge letu likapitisha sheria mbili. Ya uhamiaji ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi. Ya leseni za biashara ilimzuia kuuza bidhaa fulani na kufungua duka katika maeneo mengi. Hoja yake ilikuwa na maana: Mwafrika aliyezuiwa miaka yote angepandaje bila kuachiwa nafasi? Sitaidharau. Ila mtu aliyezaliwa Ngara, asiyejua kwingine, aliamka akiwa mgeni.

Mapema 1968 uwanja wa ndege wa Embakasi ukafurika. London ikashtuka. Serikali ya Labour, ndiyo, Labour, chini ya waziri James Callaghan, ikapitisha sheria bungeni kwa siku 3, na kufikia Machi 1 mlango ulikuwa umefungwa. Mwenye pasi ya Uingereza ambaye yeye, mzazi wala babu yake hawakuzaliwa kule, hakuweza tena kuingia hivihivi. Vibali vilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Aliyepanda ndege Februari alifika. Aliyebaki wiki mbili zaidi auze gari lake kwanza, akajipanga kwa foleni.

Nadhani uhafidhina wa akina Braverman unatoka hapo. Watu husema wamesahau walikotoka. Mimi naona nyumbani mwao hiyo Februari ilikumbukwa vizuri mno: serikali yoyote, nyeusi ama nyeupe, inaweza kuamua kwa siku 3 kwamba wewe si wake. Basi soma, nunua nyumba, shika karatasi, na usionekane ukisimama karibu na anayebisha nyuma yako. Ni somo baya, lakini Nairobi ilikuwa mmoja wa walimu. Tulikuja kuwatangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwaka 2017, miaka 50 baada ya zile sheria.

Nilimuuliza mama kuhusu mkono wake. “Mimi nililipa kodi kule miaka 11,” akasema. “Hakuna aliyenifungulia kitu. Nilipita huko ndio nyinyi msipite.” Sikuwa na jibu. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa ukaidi huohuo, na chuo chenyewe niliacha katikati.

Geti liliwekwa. Mama anayetufulia sasa huzunguka kwa Waiyaki Way, na siku za mvua hufika viatu vikiwa mkononi. Mama humwekea chai kabla hajaanza kazi.