Skrubu Waliyotuachia

Ukishika kabureta ya pikipiki mkononi, utaona skrubu mbili kwa nje. Ya kwanza ni ya slo, ile inayozuia injini isizime ukiwa umesimama kwa taa. Ya pili ni ndogo, imejificha kando, na ndiyo inayoamua petroli kiasi gani ikutane na hewa kiasi gani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hiyo ya pili iko hapo. Kampuni inayoweza kutoboa tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea, inashindwaje kuuza kitu kilichokamilika?

Turudi nyuma kidogo. Gari la Karl Benz, alilosajili hataza yake Januari 1886, halikunyunyiza petroli. Mafuta yaliachwa yageuke mvuke yenyewe, injini ikavuta huo mvuke. Halafu ukafika mwaka wa 1893. Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kifaa kinachonyunyiza petroli ndani ya hewa inayopita, na miezi michache baadaye Wilhelm Maybach akasajili chake. Wahungari husimulia kwamba Bánki alipata wazo hilo alipomwona msichana muuza maua akipulizia maua yake maji kwa kamrija. Iwe kweli au porojo, hiyo ndiyo kazi yenyewe: hewa ikibanwa mahali pembamba hukimbia, na ikikimbia presha yake hushuka. Petroli iliyokaa kwenye bakuli chini, ikisimamiwa na floti, inapanda kupitia jeti na kusambaa kama ukungu.

Daniel Bernoulli alikuwa ameshaandika kuhusu mambo hayo mwaka wa 1738. Mimi pia niliyaandika, kwenye mtihani wa chuo, nikapata alama nzuri bila kuwahi kusikiliza injini inayokohoa. Mwaka wa tatu karo iliisha na hadithi yangu ya uhandisi ikaishia hapo, kwa hivyo sehemu iliyobaki nimejifunza kwa kusimama kwenye magereji nikiuliza maswali hadi mafundi wachoke.

Na sehemu iliyobaki ni hii. Gramu moja ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Lakini kabureta haina mizani. Inachojua ni mwendo wa hewa inayopita, haijui uzito wake. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ni nzito. Panda hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu, na hewa imepungua uzito kwa kama asilimia 15. Kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea Pwani, na injini inapaliwa: moshi mweusi, plagi yenye masizi, nguvu hakuna. Maybach alipokuwa akichora michoro yake hangeweza kujua injini itawashwa wapi, na hata kampuni zilizomfuata, pamoja na mashine zao zote, hazikuweza kujua. Ndiyo maana skrubu iko nje. Kwangu mimi ni kama barua kwa mtu wasiyemjua: sisi tumefika hapa, wewe ndiye unayeijua hewa ya kwenu, malizia.

Mashine iliyonifundisha haya ni kwodi, zile pikipiki za tairi nne ambazo watu hupigia picha Naivasha na Diani. Nayo ina historia ya ajabu kidogo. Wauzaji wa Honda huko Marekani walikuwa na shida: majira ya baridi yakifika, hakuna anayenunua pikipiki. Mhandisi Osamu Takeuchi na wenzake wakabuni kitu cha tairi tatu nene zenye upepo mdogo, kinachoweza kutembea juu ya theluji, matope na mchanga. Kikatoka mwaka wa 1970 kwa jina la US90. Mwaka uliofuata James Bond alikuwa anakimbia nacho kwenye filamu. Suzuki ikaongeza tairi la nne mwaka wa 1982, na afadhali ilifanya hivyo, kwa sababu zile za tairi tatu zilikuwa zikipinduka na kuua watu, wakiwemo watoto wengi. Mwaka wa 1988 watengenezaji na serikali ya Marekani walikubaliana mauzo ya tairi tatu mpya yasimame.

Fikiria maana yake kwa kabureta. Gari la mjini linaweza kuishi maisha yake yote kwenye hewa moja. Kwodi iliundwa iende kokote, lakini kabureta yake ilibaki na mpangilio wa mahali pamoja tu.

Wakati huohuo watu fulani walikuwa wanaifunika ile skrubu. Marekani ilianza kubana moshi wa pikipiki kwa modeli za 1978, na kwodi zikaingizwa kwenye viwango vya nchi nzima kuanzia modeli za 2006. Watengenezaji wakaziba shimo la skrubu kwa kizibo kidogo cha chuma ili mnunuzi asiguse. Siwezi kuwalaumu moja kwa moja. Mimi hutembea kwa miguu jijini Nairobi jioni, nyuma ya matatu, na najua moshi wa mtu aliyezungusha skrubu vibaya unakaa kwenye kifua cha nani. Lakini kizibo hicho kina dhana ndani yake, kwamba aliyeko kiwandani anaijua hewa yako kukuliko.

Kwodi ninayoisema ilikuwa na kizibo hicho. Ilitoka Nanyuki, karibu mita 1,950, ikaletwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo kila mtu bado anaiita Grogan. Ewart Grogan ni yule mlowezi aliyewachapa Waafrika watatu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka wa 1907. Jina lake lilitolewa kwenye kibao, mitaani likabaki, na siku hizi likitajwa watu wanawaza spea tu.

Fundi, mzee ambaye wote humwita Mzee na basi, alikuwa ameifungua kabureta yote: jeti zimepulizwa kwa hewa, gasketi mpya, floti imepimwa kimo. Kizibo akakitoboa kwa drili, polepole, asije akajeruhi skrubu iliyo nyuma yake. Kisha akaniuliza skrubu iko upande gani. Nilidhani ni mtego, kumbe ndilo swali lenyewe. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua kunaongeza hewa, yaani kinyume kabisa. Hii ilikuwa upande wa injini. Akaifunga taratibu hadi ikagusa, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akawasha, akaacha injini ipate moto.

"Kijana, wacha kuangalia mkono wangu. Sikiza."

Robo mzunguko, akangoja. Robo nyingine. Mlio ukapanda, ukapanda tena kidogo, halafu ukaanza kuzama kama mtu anayesinzia. Akarudi nyuma hadi pale ulipokuwa juu zaidi, akashusha slo, akapiga resi ghafla. Injini ikaitikia bila kusita. Hiyo ni ya slo tu, akaniambia. Katikati kazi ni ya sindano, na ukifungua yote kazi ni ya jeti kubwa. Jeti hiyo alikuwa ameshaibadilisha akaweka ndogo kwa hatua mbili, kwa sababu ya hewa ya Nanyuki. Walipoijaribu barabarani, plagi ilitoka na rangi ya kahawia.

Siku hizi injini nyingi mpya zina sensa inayopima presha ya hewa na kompyuta inayokata shauri, kila sekunde, Nanyuki au Lamu. Zinafanya vizuri kuliko Mzee, na yeye mwenyewe anakubali. Keihin, iliyotengeneza kabureta za Honda kwa miongo mingi, iliunganishwa mwaka wa 2021 na kampuni nyingine kuwa Hitachi Astemo. Kwenye mashine hizo mpya hakuna skrubu ya kuzungusha.

Mwenye kwodi alipokuja kuichukua alitaja, kama jambo dogo, kwamba Desemba ataipeleka Diani kwa wageni wa likizo. Mzee aliacha kufuta mikono. Jeti ndogo kwenye hewa nzito ya bahari ni petroli chache mno, injini inachemka, na pistoni inaweza kutoboka kabla watalii wa kwanza hawajamaliza raundi. Akaitafuta ile jeti ya zamani kwenye kopo, akaifunga kwenye kikaratasi cha nailoni, akaining'iniza kwenye usukani kwa waya.

"Ukifika chini," akamwambia, "kabla hujawasha, tafuta fundi airudishe hii."